Salio Lako Limeandikwa Wapi? Namna Mikataba Janja Inavyohifadhi Vigeu na Taarifa

Mtumiaji anayenunua tokeni za kidijiti kwa simu yake huona tarakimu kwenye kioo: tokeni 250, pengine na thamani yake kwa shilingi chini yake. Tarakimu hizo hazimo ndani ya simu. Hazimo pia ndani ya programu inayoitwa pochi, ingawa jina hilo humfanya mtu adhani kwamba kuna kitu kimetiwa ndani. Pochi hutunza ufunguo wa siri tu. Salio lenyewe limeandikwa mahali pengine, katika hifadhi ya programu inayoitwa mkataba janja, na pochi hulisoma kutoka huko kila inapofunguliwa.

Makala haya yanaeleza jinsi hifadhi hiyo ilivyo. Jambo hili huonekana kuwa la wahandisi, lakini maswali ambayo mtumiaji angependa kuyapatia jibu kabla ya kulipa, kama vile nani anaweza kulibadilisha salio langu na nani anaweza kulisoma, majibu yake yamo katika hifadhi hiyo wala hayamo katika tangazo la muuzaji. Tutatumia mfano wa Ethereum, kwa kuwa ndiyo blokicheni iliyoeneza mikataba ya aina hii tangu ilipoanza kufanya kazi Julai 30, 2015, na blokicheni nyingine nyingi zimeiga mpangilio wake.

Msimbo na daftari

Mkataba janja ni programu ya kompyuta iliyowekwa kwenye blokicheni na kupewa anwani yake, kama vile kila pochi ilivyo na anwani. Kompyuta zinazoendesha mtandao huo zote huitekeleza programu hiyo kwa namna moja na kufikia jibu moja. Neno “janja” limetokana na mazoea ya kusema “simu janja”. Halimaanishi kwamba programu ina akili ya kupima haki. Wala neno “mkataba” hapa halina maana ya makubaliano ambayo lazima mahakama iyatambue. Ni maagizo tu: yakitokea haya, fanya yale.

Katika anwani ya mkataba kuna mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza ni msimbo, yaani maagizo yenyewe. La pili ni hifadhi, yaani daftari ambamo msimbo huandika mambo ya kukumbukwa: nani ana kiasi gani, nani ni mmiliki wa mkataba, huduma imesimamishwa au inaendelea. Kila jambo linaloandikwa humo huitwa kigeu, kwa kuwa thamani yake inaweza kugeuka.

Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Wauzaji wa tokeni hupenda kusema kwamba blokicheni “haibadiliki”. Kauli hiyo ni kweli kuhusu historia ya miamala. Ni kweli pia kuhusu msimbo uliokwisha kuwekwa, ingawa kwa huo kuna njia ya kuizunguka, kama tutakavyoona. Hifadhi, kwa upande wake, iliwekwa ili ibadilike; isingebadilika, hakuna mtu ambaye angeweza kumlipa mwenzake. Kwa hiyo mtumiaji asiulize kama daftari hubadilika. Aulize ni nani aliyepewa kalamu na kwa masharti gani. Masharti hayo yameandikwa ndani ya msimbo.

Wengi wetu tunalinganisha mambo haya na fedha za kwenye simu, na ulinganisho huo una faida ukifika mahali pake. Katika fedha za simu, salio lako ni maandishi katika daftari la kampuni, na fedha halisi zinazolingana na maandishi hayo hutakiwa kuwekwa katika akaunti ya amana benki. Kuna kampuni ya kupigia simu na kuna msimamizi wa kumlalamikia. Katika mkataba janja, kinachosimama mahali pa kampuni ni msimbo. Kama msimbo hauna agizo la kurudisha muamala uliokosewa, hakuna mhudumu anayeweza kuurudisha, hata awe na huruma kiasi gani.

Masanduku yenye namba

Hifadhi ya mkataba wa Ethereum imepangwa mfano wa masanduku ya posta. Kila sanduku lina namba yake, kuanzia 0, na yote yana ukubwa mmoja: baiti 32, ambazo ni sawa na biti 256. Idadi ya namba zinazowezekana ni 2 kwa kipeo cha 256, hesabu ambayo ikiandikwa kwa ukamilifu huwa na tarakimu 78. Bila shaka masanduku hayo hayakutengenezwa yote. Sanduku ambalo halijawahi kuandikwa kitu huhesabiwa kuwa na sifuri, na halichukui nafasi kwenye kompyuta yoyote.

Mwandishi wa programu huvipa vigeu majina, kwa mfano “mmiliki” au “jumla ya tokeni”. Programu inapotafsiriwa kuwa msimbo wa mashine, majina hayo hupotea na kila kigeu hupewa namba ya sanduku kwa kufuata mpangilio kilivyotajwa. Kilichotajwa kwanza huwekwa katika sanduku 0, kinachofuata sanduku 1, na kuendelea. Vigeu vidogo huweza kuwekwa pamoja katika sanduku moja: anwani huchukua baiti 20 na jibu la ndiyo au hapana huchukua baiti 1, hivyo viwili hivyo huenea na nafasi hubaki. Msomaji aikumbuke hali hii ya kuchangia sanduku, kwani huko mbele tutaona jinsi ilivyowaponza watu.

Masalio ya wateja hayawezi kupangwa kwa mfuatano huo, kwa sababu hakuna anayejua wateja watakuwa wangapi. Kwa ajili yao hutumiwa jedwali linalounganisha anwani na kiasi. Mkataba unapotaka kujua sanduku la mteja fulani, huchukua anwani yake, huiunganisha na namba ya sanduku lililotengwa kwa ajili ya jedwali lile, kisha hupitisha vyote katika hesabu ya kuchanganya tarakimu inayoitwa Keccak-256. Jibu la hesabu hiyo ndilo namba ya sanduku la mteja. Masalio hutawanyika mbalimbali katika ule uwanja wa namba zenye tarakimu 78, na uwezekano wa wateja wawili kuangukia sanduku moja ni mdogo mno hata wataalamu hawauhesabu.

Mpangilio huu una matokeo ambayo mtumiaji hukutana nayo bila kujua chanzo chake.

Jedwali la namna hii halina orodha ya majina. Ukiuliza salio la anwani ambayo haijawahi kutumiwa na mtu yeyote, mkataba haukujibu kwamba mteja huyo hayupo, hujibu sifuri. Vivyo hivyo, ukituma tokeni kwa anwani isiyo ya mtu, mkataba wa kawaida huandika kiasi hicho katika sanduku la anwani ile bila kusita. Pochi nyingi hugundua herufi iliyokosewa, kwa kuwa mchanganyiko wa herufi kubwa na ndogo katika anwani ya Ethereum hutumika kama kipimo cha usahihi. Lakini pochi haiwezi kujua kwamba umenakili anwani sahihi ya mahali pasipofaa. Wapo waliotuma tokeni kwa anwani ya mkataba wa tokeni yenyewe. Tokeni hizo zimeandikwa kwa jina la mkataba, na kama msimbo hauna agizo la kuzitoa, zitakaa humo.

Vilevile masanduku haya huhifadhi namba kamili tu, bila desimali. Tokeni za USDC na USDT kwenye Ethereum huhesabiwa kwa nafasi 6 za desimali. Kwa hiyo tokeni 250 huandikwa 250000000, na pochi ndiyo inayoweka nukta mahali pake. Sarafu ya ether ina nafasi 18. Mtu anayekuonyesha namba ndefu iliyosomwa moja kwa moja kutoka katika mkataba, akadai kuwa ni utajiri wako unaosubiri kutolewa, anategemea kwamba hujui nukta inakaa wapi.

La mwisho katika fungu hili ni jina la tokeni. Nalo limeandikwa na aliyeuweka mkataba, kama mwenye duka anavyochora kibao. Hakuna ofisi inayozuia watu wawili kuandika jina moja. Mtu yeyote anaweza kuweka mkataba mpya leo, akaupa jina la tokeni maarufu pamoja na alama yake, akajiandikia tokeni bilioni moja na kuanza kuziuza. Kinachotofautisha tokeni halisi na ya bandia ni anwani ya mkataba peke yake. Anwani hiyo ichukuliwe kutoka katika tovuti rasmi ya mtoaji. Isichukuliwe kutoka katika ujumbe uliotumwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, hata kama aliyeutuma ni ndugu.

Gharama ya kuandika

Kila hatua ya mkataba hulipiwa ada inayopimwa kwa kizio kiitwacho gesi, na hatua iliyo miongoni mwa ghali zaidi ni kuandika katika hifadhi ya kudumu. Kutuma ether kwa njia ya kawaida hugharimu gesi 21,000. Kujaza sanduku moja lililokuwa na sifuri hugharimu kiasi cha gesi 20,000, karibu sawa na muamala mzima. Kubadilisha sanduku ambalo tayari lina kitu hugharimu takriban 5,000. Kusoma sanduku kwa mara ya kwanza katika muamala ni 2,100, na kulisoma tena katika muamala uleule ni 100. Bei ya kizio kimoja cha gesi kwa fedha hupanda na kushuka kulingana na msongamano, lakini uwiano wa hatua hizi hubaki palepale. Ndiyo sababu ada ya kumtumia tokeni mtu asiyekuwa nazo kabisa huwa kubwa kuliko ada ya kumwongezea aliyekwisha kuwa nazo: kwa yule wa kwanza mkataba unafungua sanduku jipya.

Mikataba ina kumbukumbu ya muda pia, ambayo hutumika wakati wa kukokotoa na kufutika muamala unapokwisha. Hiyo ni ya bei nafuu na haimhusu sana mtumiaji. Kuna tena kumbukumbu za matukio, ambazo mkataba huziandika ili pochi na tovuti zijue kilichotokea, ila mikataba yenyewe haiwezi kuzisoma. Tuziache.

Gharama hizi ndizo zinazoeleza kwa nini picha haikai kwenye blokicheni. Kilobaiti moja hujaza masanduku 32, ambayo ni gesi 640,000. Picha ya kilobaiti 100, ambayo kwa simu za leo ni ndogo, ingehitaji gesi milioni 64. Kati ya 2021 na mwanzoni mwa 2025 kikomo cha bloku nzima ya Ethereum, pamoja na miamala ya watu wengine wote, kilikuwa milioni 30. Kwa hiyo mtu anapokuuzia mchoro, hati au kipande cha ardhi ya kwenye mchezo kwa njia ya tokeni ya kipekee, kilichomo katika hifadhi ya mkataba kwa kawaida ni vitu viwili: namba ya tokeni iliyounganishwa na anwani yako, na kiungo kinachoelekeza kwenye faili iliyo mahali pengine.

Uliza mahali hapo ni wapi. Kiungo kikielekeza kwenye seva ya kampuni, kampuni inaweza kubadilisha picha, na siku itakapoacha kulipia seva, namba yako itabaki ikielekeza pasipo na kitu. Mfumo wa IPFS ni nafuu kidogo, kwa kuwa anwani ya faili hutokana na maudhui yake, na picha iliyobadilishwa haiwezi kujificha nyuma ya anwani ileile. Hata hivyo lazima awepo mtu anayeendelea kuihifadhi faili hiyo. Uliza pia kama kiungo chenyewe ni kigeu ambacho mmiliki wa mkataba anaweza kukiandika upya. Mara nyingi huwa hivyo.

“Faragha” isiyo faragha

Katika lugha ya Solidity, ambayo hutumika sana kuandika mikataba ya Ethereum, mwandishi anaweza kukitia kigeu alama ya kuwa ni cha faragha. Alama hiyo imewapotosha hata waandishi wa programu. Inachozuia ni mikataba mingine kukisoma kigeu kile moja kwa moja. Haimzuii binadamu. Kompyuta yoyote iliyounganishwa na mtandao inaweza kuombwa ieleze kilichomo katika sanduku namba 5 la anwani fulani, nayo itajibu, bure, bila kuuliza anayetaka kujua ni nani. Masanduku ya posta tuliyoyataja yana milango ya kioo.

Chukua mfano wa mchezo wa bahati nasibu ambao mkataba wake umehifadhi namba ya ushindi katika kigeu cha faragha. Mchezaji wa kawaida atabahatisha. Anayejua kusoma masanduku ataitazama namba, kisha atacheza.

Jambo hili ni zito zaidi linapohusu taarifa binafsi. Huduma inayokutaka uandike jina, namba ya simu au namba ya kitambulisho cha Taifa moja kwa moja katika mkataba janja inakutaka uzibandike ukutani mbele ya dunia nzima. Baadhi ya watoa huduma hujitetea kwamba hawaandiki namba yenyewe, bali huandika matokeo yake baada ya kuipitisha katika hesabu ya kuchanganya tarakimu, na kwamba matokeo hayo hayarudishiki nyuma. Utetezi huo ni dhaifu pale ambapo uwezekano ni mchache. Namba ya simu ya Tanzania, baada ya 255, ina tarakimu 9; uwezekano wote haufiki hata bilioni moja, na kompyuta ya kawaida inaweza kuijaribu namba moja baada ya nyingine kwa muda mfupi mpaka ipate inayolingana. Namba ya kitambulisho cha Taifa ni ndefu zaidi, lakini tarakimu zake 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ambayo majirani wanaijua.

Kufuta nako si kufuta. Mkataba unaweza kuliandika sanduku sifuri, na anayesoma hali ya sasa ataona sifuri. Lakini muamala ulioandika taarifa ile hapo awali umebaki katika historia, na wapo wanaoihifadhi historia yote tangu 2015. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa mhusika haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inatoa haki ya namna hiyo pia. Mtoa huduma anayeandika taarifa za wateja katika blokicheni amejiweka mahali ambapo hawezi kuitimiza haki hiyo hata akiamriwa. Kwa maoni yetu hiyo ni sababu ya kutosha ya mtumiaji kukataa kujaza fomu.

Nani anaruhusiwa kuandika

Mikataba mingi ina kigeu kinachotaja mmiliki au msimamizi. Msimbo hukitazama kigeu hicho kabla ya kukubali maagizo makubwa. Anayekishika kigeu hicho ameshika kalamu.

Yaliyowapata watumiaji wa pochi za kampuni ya Parity mwaka 2017 yanafaa kuelezwa kwa kirefu. Pochi hizo zilikuwa mikataba janja yenye saini zaidi ya moja, na zilitumiwa na makampuni na watu waliotaka ulinzi kuliko wa kawaida. Ili kupunguza gharama, kila pochi ilibeba hifadhi yake yenyewe lakini iliazima sehemu kubwa ya msimbo kutoka katika mkataba mmoja wa pamoja, mfano wa matawi yanayotumia kitabu kimoja cha kanuni kilichopo makao makuu. Mwezi Julai 2017 iligundulika kwamba agizo la kuandika majina ya wamiliki liliachwa wazi, na mtu yeyote angeweza kuliita hata baada ya pochi kuanza kutumika. Mshambuliaji aliandika anwani yake katika sanduku la wamiliki wa pochi za wengine, kisha akachukua zaidi ya ether 150,000.

Kasoro ilirekebishwa na mkataba mpya wa pamoja ukawekwa. Lakini mkataba huo wenyewe haukuwahi kujazwa mmiliki: sanduku lake la mmiliki lilikuwa na sifuri, kama sanduku lolote ambalo halijaguswa. Novemba 6, 2017 mtumiaji mmoja aliita agizo la kujaza mmiliki, akawa mmiliki wa mkataba wa pamoja, kisha akaita agizo la kuuangamiza. Msimbo ukatoweka. Pochi 587 zilizokuwa zikiuazima zilibaki na zaidi ya ether 513,000. Hakuna aliyeziiba. Zimeandikwa, zinaonekana, na kila mtu anaweza kuzihesabu, lakini hakuna agizo lililobaki la kuzitoa.

Mtindo huu wa kutenga hifadhi na msimbo katika anwani mbili haukuachwa. Umeenea, kwa sababu unawezesha kurekebisha makosa: hifadhi hubaki palepale, na kigeu kimoja hutaja anwani ya msimbo unaotumika. Kigeu hicho kikiandikwa upya, programu imebadilika, huku anwani ambayo mtumiaji anaijua ikiwa ni ileile. Hii ndiyo ile njia ya kuizunguka kauli ya “haibadiliki”. USDC hutumia mtindo huu, na kuutumia si kosa; anayeutumia anapaswa tu kuusema.

Hatari yake nyingine inatokana na majina kupotea. Msimbo mpya haujui vigeu kwa majina, unavijua kwa namba za masanduku. Ukipangwa kwa utaratibu tofauti na msimbo wa zamani, utasoma kitu kimoja ukidhani ni kingine. Julai 2022 mradi wa muziki wa Audius ulipatwa na jambo hili hasa. Sanduku 0 la mkataba wake lilikuwa na anwani ya msimamizi, wakati msimbo uliokuwa ukitumika ulidhani sanduku hilohilo lina majibu mawili ya ndiyo au hapana kuhusu kama maandalizi ya mwanzo yanaendelea au yamekwisha. Kipande cha anwani kikasomwa kama “ndiyo, maandalizi yanaendelea”. Kwa hiyo mkataba ulikubali kuandaliwa upya na mtu baki, ambaye alijipa madaraka ya kupiga kura na kuhamisha tokeni zaidi ya milioni 18 kutoka katika mfuko wa jumuiya. Msimbo ulikuwa umekaguliwa na wataalamu kabla ya hapo.

Kalamu hutumika kihalali pia. Mikataba ya USDT na USDC ina jedwali la anwani zilizofungiwa, na mtoaji akiandika anwani yako humo, tokeni zako hazitasogea. Mkataba wa USDT unamruhusu mtoaji hata kuzifuta tokeni za anwani iliyofungiwa. Mamlaka za uchunguzi huona kifungu hicho kuwa cha manufaa, na pengine ni kweli. Mtumiaji ajue tu kwamba kipo, na kwamba tokeni ndogo zisizojulikana huwa na vifungu vya namna hiyo mikononi mwa watu wasiojulikana, wakiwemo wanaozuia wanunuzi wasiuze.

Mambo haya hayahitaji elimu ya uhandisi kuyachungulia. Katika tovuti ya Etherscan, ukiingiza anwani ya mkataba, utaona kama msimbo wake umechapishwa na kuthibitishwa. Usipochapishwa, usiendelee. Ukichapishwa, kuna sehemu ya kusoma mkataba ambamo vigeu vilivyo wazi huorodheshwa pamoja na thamani zake za sasa: jumla ya tokeni, mmiliki, kama huduma imesimamishwa. Mkataba unaotumia msimbo wa kuazima nao huonyeshwa kuwa ni wa aina hiyo. Kinachobaki ni kumuuliza muuzaji: anwani hii ya mmiliki ni ya nani, ni ya mtu mmoja au inahitaji saini za watu kadhaa, na mabadiliko hutangazwa muda gani kabla ya kuanza? Anayejibu kwa hasira ameshajibu.

Ruhusa uliyoitoa na kuisahau

Mbali na jedwali la masalio, mikataba ya tokeni ina jedwali la pili ambalo watumiaji wengi hawajalisikia. Ni jedwali la ruhusa. Linaandika kwamba mwenye anwani hii amemruhusu mwenye anwani ile achukue tokeni zake hadi kiasi fulani. Unapotumia huduma ya kubadilishana tokeni, jambo la kwanza unaloombwa kuidhinisha kwa kawaida ni ruhusa hiyo, ndipo mkataba wa huduma uweze kuchukua tokeni na kukupa nyingine.

Kwa kuwa kila uandishi hulipiwa gesi, huduma nyingi huomba ruhusa mara moja kwa kiasi kikubwa kuliko vyote vinavyoingia katika sanduku la biti 256, kiasi ambacho kwa vitendo hakina ukomo. Mtumiaji huokoa ada ndogo. Anachotoa badala yake ni haki ya kudumu ya kuchukua tokeni zote za aina hiyo alizonazo leo na atakazopata baadaye.

Ruhusa hii imeandikwa katika hifadhi ya mkataba wa tokeni. Haimo katika tovuti uliyoitembelea, wala katika simu yako. Kwa sababu hiyo, kubofya “tenganisha” kwenye tovuti hakuifuti. Kufuta programu ya pochi kwenye simu hakuifuti. Kununua simu mpya na kurejesha pochi kwa maneno yako ya siri hakuifuti. Miaka mitatu baadaye, kama mkataba ulioruhusiwa utavamiwa, mvamizi atachukua tokeni bila kukuomba idhini nyingine, kwani uliitoa. Matapeli huitumia njia hii kwa kutengeneza tovuti za zawadi ambazo hazikuombi maneno ya siri hata kidogo. Hukuomba ubofye kitufe kimoja, na kitufe hicho ni ruhusa.

Unapoombwa ruhusa, pochi nyingi hukuwezesha kubadilisha kiasi kabla ya kuidhinisha. Andika kiasi unachotaka kutumia siku hiyo. Kwa ruhusa za zamani, Etherscan ina ukurasa wa kukagua ruhusa za tokeni: weka anwani yako, utaona walioruhusiwa na kiasi, na unaweza kuziondoa moja moja. Kuziondoa maana yake ni kuandika sifuri katika sanduku la ruhusa, na kwa kuwa huo ni uandishi, utalipa ada kwa ether; kwa hiyo bakiza ether kidogo katika pochi badala ya kuimaliza yote. Kama kilichoibwa ni ufunguo wako wa siri au maneno yako ya kurejesha pochi, kuondoa ruhusa hakutasaidia, kwa kuwa mwizi anaweza kujiandikia nyingine. Hapo fungua anwani mpya yenye ufunguo mpya, uhamishie tokeni zilizobaki mara moja, kisha ndipo utoe taarifa polisi ukiwa na anwani zote mbili na namba ya muamala.